Swali Lisilo na Kisanduku

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali, Daktari Mkuu, Daktari wetu wa Umio, Mkuu wa Masjala, ambaye ni bosi wangu na ambaye ameshaangalia saa, ndugu wauguzi na wahudumu wa kada zote, wagonjwa wetu wa zamani mliokuja kwa miguu yenu na kwa hamu yenu ya kula, Mzee wetu, mume wa mgeni wa heshima, pamoja na watoto na wajukuu, na wewe mwenyewe Sista, uliyekaa hapo mbele kama mtu aliyeitwa kuhojiwa. Wakubwa wangu, shikamooni. Walio rika langu, habari za mchana.

Mimi ni karani wa masjala, chumba kile cha mwisho baada ya ngazi, chenye feni inayozunguka ikijisikia. Nimepewa heshima ya kusema kwa niaba ya wafanyakazi wenzangu kwa sababu, walipoulizwa nani atasema, wote walipata mafua kwa wakati mmoja. Mkuu wangu amenielekeza vizuri. Alisema, “Utasema ametumikia kwa uadilifu, utasema pengo lake halizibiki, utakaa. Dakika tano.” Nikasema sawa, mkuu.

Basi: ametumikia kwa uadilifu, na pengo lake halizibiki. Hayo nimeyamaliza.

Lakini kabla ya kukaa nina ombi moja, na naomba nilitaje sasa hivi, kwa sababu najijua: nikiliweka mwisho nitaogopa na kuliruka. Leo ni Ijumaa, na Sista anastaafu. Jumatatu asubuhi mafaili ya karatasi yanafungwa na wagonjwa wote wanaanza kuandikishwa kwenye kompyuta. Kuna swali moja ambalo Sista amemuuliza kila mgonjwa wa kliniki ya umio kwa miaka ishirini na sita. Swali hilo halimo kwenye fomu mpya. Naomba liingizwe. Yote nitakayosema kuanzia hapa ni maelezo ya kwa nini, na mkiona narefusha, jueni ni woga, si dharau.

Kwa wageni wasioifahamu kliniki yetu, umio ni ile njia inayopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni. Chini kabisa pana msuli unaofanya kazi ya mlango: chakula kikifika unalegea, kikishapita unajifunga. Kwa wagonjwa wetu mlango huo umekwama. Mishipa midogo ya fahamu iliyokuwa inaupa amri imekufa, na njia yenyewe imesahau kusukuma. Chakula kinasimama kifuani kama watu kwenye foleni ya ofisi iliyofungwa. Mtu anakunywa maji kukisukuma, anasimama, anaruka ruka, anarudi mezani, na hatimaye anaanza kula peke yake kwa aibu. Wengi hutibiwa vidonda vya tumbo mwaka mzima kabla ya kuletwa kwetu.

Wakifika, wanakutana na Sista. Ninyi mnajua kwa nini tunamwita Sista Glasi. Kabla ya kipimo chochote, kabla hata hujavua koti, anakupa glasi ya maji, anaweka kifaa chake cha kusikilizia hapa chini ya mfupa wa kifua, anatazama saa ya ukutani na kusema, “Kunywa, baba, usinitazame mimi, tazama dirisha.” Anasikiliza maji yanavyoshuka, au yanavyokataa. Daktari wa Umio ana mashine inayofanya kazi hiyohiyo. Amenithibitishia kwamba mashine ni sahihi zaidi. Amenithibitishia pia kwamba huwa haiwashi mpaka amemuuliza Sista amesikia nini.

Baada ya glasi ndipo linakuja swali. Nitalieleza kama nilivyolisikia siku ambayo fundi rangi aliletwa. Naona amekaa pale karibu na mlango, na amenipa ruhusa. Alikuwa amekonda hata ukanda wake wa suruali ulikuwa na matundu aliyoyatoboa mwenyewe kwa msumari. Mkewe alikuja naye, na mkewe alikuwa amenuna, kwa sababu kwa miezi minane mume alikuwa anaacha chakula chake, na mama mkwe alikuwa ameshaanza kusema maneno. Mimi nilikuwa nimepeleka faili, nikasimama mlangoni.

Sista akasema, “Na kwenu, nani mwingine?”

Fundi akasema, “Nani mwingine wa nini? Mwenye koo ni mimi tu, Sista. Wenzangu wanakula mpaka masufuria yanaomba msamaha.”

“Sikuuliza koo. Nimeuliza nani anaumwa.”

“Anaumwa nini?”

“Chochote kisichopona. Anza na uliozaliwa nao.”

Fundi akafikiri. Akasema dada yake mdogo, mwalimu, anatumia vidonge vya tezi ya shingo. Mama yake mdogo mikono inakakamaa kila asubuhi, hafungui kifuniko mpaka jua lipande. Na kulikuwa na binamu upande huohuo, aliyepata kisukari akiwa shule ya msingi. Mkewe akaingilia: “Mbona hayo hujawahi kuniambia? Miaka kumi na moja.” Fundi akajibu, “Hujawahi kuwa muuguzi.” Sista hakucheka. Aligeuza faili, na kwenye jalada, yaani ile karatasi ngumu ya nje, akaandika kwa kalamu nyekundu: dada, tezi, mama mdogo, viungo, binamu, sukari.

Hilo ndilo swali, na huko ndiko alikokuwa akiandika majibu, kwa sababu fomu ya zamani nayo haikuwa na nafasi. Daktari wa Umio, unajua jinsi ninavyokuheshimu, kwa hiyo nitasema ukweli kwa upole. Kwa miaka mingi ulikuwa ukipita na kumwambia, “Sista, hii ni kliniki ya umio, si ofisi ya kupanga harusi.” Naye alikuwa akikujibu, “Wewe angalia bomba, daktari, mimi naangalia mtaa.” Aliniambia kwamba alikuwa ameona jambo. Wagonjwa wa umio walikuwa wanatoka kwenye nyumba zenye magonjwa mengine, na si magonjwa yoyote tu. Yalikuwa ya aina moja: yale ambayo mwili unajipiga wenyewe.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo sikuiandika kwenye nakala niliyompa mkuu wangu.

Nilipoajiriwa, mwaka jana, nilikabidhiwa Mwongozo wa Masjala nikausoma wote, kwa sababu nilidhani kila mtu huusoma. Kifungu cha nne kinasema: majalada yasiandikwe chochote ila namba na jina. Lile la fundi rangi nilidhani ni la siku moja tu; nikafungua kabati la kliniki ya umio nikakuta majalada mia nne na kumi na mawili yaliyochorwa kwa wino mwekundu, shangazi, mjomba, nyanya. Nikashtuka kama mtu aliyekuta watoto wamechora ukuta wa sebule. Stoo kulikuwa na majalada mapya. Sikumuuliza mtu. Kwa wiki mbili, saa za kazi na saa za chakula, nilihamisha kila faili kwenye jalada jipya, nikaandika namba kwa mwandiko wangu bora, nikayafunga ya zamani kwenye magunia matano, nikayapeleka kwenye tanuri la kuchomea taka nyuma ya jiko. Kisha nikasimama mbele ya kabati nikalitazama. Waheshimiwa, lilikuwa limependeza.

Wiki moja baadaye Daktari wa Umio alikuja masjala na barua mkononi, anatembea haraka. Watafiti wa vinasaba, kutoka chuo kikuu, walikuwa wanatafuta familia ambamo mmoja ana tatizo la umio na ndugu zake wana magonjwa ya mwili kujishambulia. Walitaka kujua kama kuna kitu kimoja kinachorithiwa nyuma ya yote. Daktari akasema, na ninanukuu kwa sababu sitasahau, “Nileteeni yale mafaili ya Sista. Nilikuwa mjinga.”

Nikampeleka kwenye kabati. Akatoa faili la kwanza, la pili. Akageuza jalada, akaligeuza tena, kama mtu anayetafuta upande wa kulia wa shati.

“Maandishi yako wapi?”

Nikasema, “Nimeyasafisha, daktari.”

Sista aliitwa, akaja, akatazama kabati, akanitazama mimi, akauliza jambo moja tu: “Ya zamani yalikwenda wapi, mwanangu?” Nikamwambia. Sijawahi kumwona mtu wa miaka hamsini na tisa akikimbia na viatu vya wodini namna ile. Nilimfuata, na nilipomfikia alikuwa ameshafika kwenye tanuri, anazungumza na mchomaji.

Mchomaji, naye yuko hapa, amevaa tai, alikuwa amekalia gunia. Akasema, “Taratibu, mama. Mawili nimechoma. Matatu haya bado.”

“Kwa nini bado?”

“Karatasi ngumu inataka moto wa peke yake. Huwa nachoma Alhamisi, magunia mawili kwa mara.”

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Sista alikaa juu ya gunia jingine, akashika magoti. Nilikuwa nimeshaandika kichwani barua ya kuacha kazi, pamoja na nakala. Nikamwambia, “Sista, nitaacha kazi.” Akasema, “Ukiacha, nani atanisaidia kupiga simu? Simama, ubebe gunia.”

Majalada mia moja na sitini na nane yalikuwa yamekuwa majivu. Kwa wiki sita, kila siku mchana, yeye na mimi tulikaa na simu ya masjala na orodha, tukiwapigia wagonjwa wale mmoja mmoja. Mengine alikuwa anayakumbuka kabla simu haijapokelewa. “Huyu dereva,” ananiambia, “ana dada mwenye ngozi ya magamba viwikoni. Muulize na kaka.” Mimi nilikuwa nauliza na kuandika. Bibi mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Kijana, unauliza shangazi zangu wote, unataka kuoa kwetu?” Nikasema hapana bibi, napiga kutoka hospitali. Akasema, “Basi uliza vizuri. Na kama utaoa, yule wa tatu kwa kuzaliwa ni mkali.”

Katika siku hizo ndipo nilipouliza nilichokuwa naogopa kuuliza, kwamba hata sijui tunatafuta nini. Sista akanifundisha huku anakula ndizi. Naomba nirudie maneno yake, kwa sababu nimesoma makala za kitaalamu baadaye na sijapata maneno mazuri zaidi.

“Kinga ya mwili,” alisema, “ni mlinzi. Umemwajiri akamate wezi. Siku moja anaamka anamkamata mwenye nyumba.”

Nikauliza, “Kwa nini amkamate?”

“Labda kwa sababu ya karatasi aliyopewa getini. Ina sura za watu wa kukamatwa, na sura moja imefanana mno na mwenye nyumba. Karatasi hiyo ndiyo vinasaba, umeirithi kwa baba na mama. Sasa tuseme wewe ni fundi rangi, mlinzi wako akavamia umio. Wa dada yako akavamia tezi ya shingo. Wa mama mdogo akaenda kwenye viungo vya mikono. Vyumba tofauti, karatasi ileile.”

“Kwa hiyo kila mwenye karatasi hiyo ataumwa?”

“Ingekuwa hivyo, hospitali hii ingeanzia hapa na kuishia mpakani. Wengi wanayo, na wanakula mpaka wanaombwa waache. Karatasi si hukumu, mwanangu. Ni sababu ya kuuliza.”

Wiki ya nne orodha ilifika kwa fundi rangi, maana faili lake lilikuwa kwenye gunia lililoungua. Hakupatikana, yuko juu ya ngazi mahali fulani, nikapewa namba ya dada yake, mwalimu. Nikamuuliza kama nilivyofundishwa. Akanithibitishia tezi, akanithibitishia mama mdogo na binamu. Nikawa namshukuru nikate, Sista akanigusa mkono akanong’ona, “Na yeye mwenyewe anakulaje?”

Nikauliza. Mwalimu akasema, “Vizuri tu. Ila mkate siku hizi unasimama kidogo hapa kifuani. Nadhani ni ile tezi.”

Sista akaichukua simu mkononi mwangu. “Mwalimu, unakunywa maji mangapi kwenye mlo mmoja?”

“Chupa moja. Mbili, kama ni wali.”

“Kesho saa mbili uwe hapa, hujala.”

Alikuja. Glasi, saa ya ukutani, dirisha, kisha mashine. Ulikuwa ugonjwa uleule wa kaka yake, ila yeye alikutwa mapema, kabla hajapoteza hata kilo tatu. Daktari wa Umio aliupanua mlango ule kwa puto, na mwalimu akarudi darasani baada ya siku chache. Kaka mtu alikuwa amekuja kwetu akiwa amepungua kilo kumi na tisa na nusura apoteze na ndoa. Wamezaliwa nyumba moja, wameugua ugonjwa mmoja, na tofauti iliyokuwepo kati yao ni kwamba mmoja aliulizwa mapema. Mwalimu ameketi pale, na nimemwona akichukua sambusa ya tatu. Mwalimu, endelea, hakuna anayehesabu isipokuwa mimi.

Watafiti nao walipewa majina, wenye familia wakakubali, damu ikachukuliwa. Barua yao ilirudi mwezi uliopita. Ni watu waangalifu, nimewapenda: wametumia neno “huenda” mara saba. Wanasema wameona alama fulani za vinasaba, zile zinazoiongoza kinga ya mwili, zikijirudia kwa wagonjwa wetu zaidi ya walivyotegemea, na kwamba huenda umio na zile tezi na vile viungo vinachota kisima kimoja. Wanasema si ushahidi kamili. Wanaomba familia zaidi, na wanauliza ni nani aliyebuni utaratibu huu wa kuandika habari za ukoo. Daktari wa Umio aliwajibu kwa ukurasa mzima. Niliichapa mimi barua hiyo. Neno harusi halimo.

Kuna jambo moja la kusema kuhusu kosa langu, kisha nimalize. Uongozi ulipouliza kwa nini majalada yaliungua, Sista aliandika taarifa ya mistari miwili: “Niliandika mahali ambapo mwongozo hauruhusu. Karani alifuata mwongozo.” Kila neno ni kweli, na kwa sababu hiyo onyo lilikwenda kwake, mwaka wake wa mwisho kazini. Mimi ndiye niliyelipanga onyo hilo kwenye faili lake, kwa mkono huu, na nikakaa kimya. Daktari Mkuu, taarifa ile ilikuwa na upungufu. Karani alifuata mwongozo, lakini hakuuliza. Nimeona uchungu kumuaga mtu kwa keki huku hilo limebaki bila kusemwa.

Sasa fomu. Ina visanduku thelathini na kimoja, nimevisoma vyote mara tatu. Vinauliza namba ya simu mara mbili. Vinauliza kama mgonjwa anavaa miwani, hata akiwa amekuja kwa ajili ya ukucha. Havimuulizi habari za kwao. Nilishauriwa nitumie kisanduku cha mwisho, kile cha Maelezo Mengine, nami nikajaribu. Kinapokea herufi sitini. Niliandika habari za mama mdogo wa fundi rangi, kikajaa kabla mikono yake haijafika asubuhi. Na kilichoandikwa humo kompyuta haiwezi kukitafuta, kwa hiyo watafiti wakirudi kuuliza, tutakuwa na kabati jingine safi.

Kubadilisha fomu kunahitaji sahihi ya Daktari Mkuu. Niliandika barua, ikarudi imegongwa muhuri wa “Imepokelewa.” Nikaandika ya pili, ikarudi na mihuri miwili. Nilipomweleza Sista, juzi, alikuwa anafunga vitu vyake kwenye boksi. Alisema, “Ndiyo mambo ya kompyuta, mwanangu. Nimeuliza vya kutosha.” Kisha akageuka akaanza kupanga kabati ambalo lilikuwa limeshapangwa. Ninawauliza, ndugu zangu: tunampa saa ya ukutani, tunampa kitenge, tunampa cheti chenye fremu, halafu Jumatatu tunamfuta? Ni mtu gani hupewa zawadi mkono huu, na mkono ule ukamnyang’anya kazi ya maisha yake? Na yule mgonjwa wa Jumanne, mwenye dada ambaye mkate unasimama kidogo, atapigiwa simu na nani?

Daktari Mkuu, barua ya tatu ninayo hapa. Ina mstari mmoja, na chini yake nafasi ya sahihi. Haijapitia Utawala, hilo nalo ni kosa, na safari hii nalifanya nikijua. Fundi wa kompyuta ni yule wa safu ya nyuma mwenye sahani mbili. Ameniambia kuongeza swali hilo ni kazi ya dakika kumi, sahihi ikiwapo, na kompyuta yake iko kwenye gari. Ukiona haifai, niambie hapahapa, nitatii na nitaketi. Ukiona inafaa, kalamu hii nimeijaribu asubuhi, inaandika.

Sista, usinikonyeze, nimeshasema. Mkuu wangu, najua dakika tano zimepita; nimeziona zikipita.

Kwenu nyote mlionitegea sikio mpaka hapa, nawashukuru kwa moyo wangu wote. Naomba keki ingoje kidogo. Nashuka kwa upande wa kiti cha Daktari Mkuu.